Peni ya Babu na Kalamu Nyekundu

Ndugu msomaji, katika nyumba yangu, juu ya kabati la nguo ambako mikono ya watoto haifiki, liko kopo la bati ambalo marehemu babu yangu alilitumia kuwekea tumbaku. Leo halina tumbaku hata chembe. Ndani yake mna sarafu za Kiingereza za zamani, nyingi zikiwa peni kubwa za shaba zenye vichwa vya Malkia Victoria na Mfalme George wa Tano. Zilikuwa 23, sasa ni 22. Nataka kukueleza habari za ile moja iliyoondoka.

Babu alikuwa askari wa Keya. Katika Vita Kuu ya Pili alipelekwa Burma, na huko aliwagawia askari wa Kiingereza sigara zake, nao wakampa sarafu za kwao. Alipoachishwa jeshi mwaka 1946, wenzake walirudi na mablanketi na makoti. Yeye alirudi na peni. Kijijini walimcheka, kwa kuwa peni zile hazikununua hata chumvi dukani. Naye aliwajibu kwamba chumvi huisha.

Katika hesabu ya Waingereza ya siku zile, peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni. Yaani pauni moja ilikuwa na peni 240. Kwetu hapa, shilingi ya Afrika Mashariki iligawanywa katika senti 100 tangu mwaka 1921. Waingereza wenyewe waliifuata hesabu ya mia tarehe 15 Februari 1971, miaka 50 baadaye. Jambo hilo lilimfurahisha sana mzee yule. Alisema kuwa safari hiyo mwanafunzi alimtangulia mwalimu.

Babu alipofariki, baba alinikabidhi lile kopo. Wakati huo nilikuwa katika chuo cha ualimu, nami nilitaka kuwaonyesha wenzangu urithi wangu. Lakini peni zilikuwa na rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, nikaona haya. Nikatafuta ndimu, majivu na kitambaa, nikazisugua Jumamosi nzima. Ilipofika jioni ziling'aa kama vifungo vya askari siku ya gwaride. Nilijiona fundi hodari.

Miaka michache baadaye, nikiwa nimekwisha kuacha chaki na kuingia katika kazi ya ofisi ya serikali, nilimfahamu ofisa mmoja mstaafu aliyekuwa akikusanya sarafu tangu ujana wake. Nilimpelekea kopo langu. Aliinua peni moja kwa kuishika ukingoni, akaielekeza kwenye taa, akaweka kioo cha kukuza jichoni. Akaitazama kwa muda mrefu. Akaiweka chini, akachukua ya pili, kisha ya tatu. Halafu akaniuliza:

"Mwalimu, nani aliyeziosha hizi?"

"Ni mimi, Mzee."

"Rangi ile ilichukua miaka mingi kuja. Wewe umeiondoa kwa siku moja, wala hairudi kama ilivyokuwa."

Sikuwa na la kujibu. Alinipa kile kioo nami nikaona mwenyewe: uso wa mfalme ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikifuata njia ya kitambaa changu. Katika mashimo ya herufi weusi ulikuwa umebaki, na penginepo palikuwa na rangi ya waridi isiyo ya asili. Peni ile ilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati na zinki kidogo, na madini hayo hujivika ngozi yake yenyewe kadiri miaka inavyopita. Aichubuaye ngozi hiyo ameijeruhi sarafu.

Tangu siku hiyo Mzee alikubali kunifundisha kuzipa sarafu madaraja. Daraja la chini ni dhaifu. Hufuata ya wastani, kisha njema, nzuri, nzuri sana, nzuri mno, na juu kabisa ni ile ambayo haijapita mikononi mwa watu sokoni. Angalia sana, ndugu msomaji, majina hayo yana adabu kuliko ukweli wake. Sarafu inayoitwa "njema" imechakaa sana. Utaona umbo la kichwa na mwaka, basi. Ukimsikia mtu akisema anakuuzia sarafu njema, usikimbilie mfuko wako.

Katika kupima, jicho huanza pale palipoinuka, kwa maana ndipo panapochakaa kwanza. Kwa Mfalme George wa Tano, tazama nywele zilizo juu ya sikio, nyusi na masharubu. Upande wa pili ameketi Britannia, yule mwanamke mwenye ngao na mkuki wa ncha tatu. Mtazame kofia yake ya vita, kifua na mkono. Lakini uwe mwangalifu. Katika peni nyingi za mfalme huyo zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1926, kichwa chake kilikuwa kikubwa mno hata kikavuta madini, na Britannia akatoka hafifu tangu kiwandani. Mtu asiyejua husema sarafu hiyo imechakaa, kumbe ilizaliwa hivyo.

Hapo nilikumbuka darasa langu. Wapo watoto walioshindwa kwa uvivu, na wapo waliofundishwa vibaya tangu mwanzo. Kalamu nyekundu ya mwalimu huwapa wote alama ileile. Nilikumbuka pia jambo jingine lisilonipa sifa: mara kadhaa niliwaongezea alama watoto wa watu niliowajua. Nilipozipima sarafu za babu kwa mara ya kwanza, tisa nilizipa daraja la nzuri sana. Mzee alipomaliza kuzipitia, ilibaki moja. "Kila mtu huiona sarafu yake kwa jicho la mama," akasema. "Andika unachokiona, usiandike unachokitamani."

Moja hiyo ilikuwa peni ya mwaka 1919. Kushoto kwa tarakimu za mwaka ilikuwa na herufi ndogo mbili, KN, maana yake ilitengenezwa katika kiwanda cha Kings Norton, Birmingham, kwa kuwa kiwanda cha serikali cha London kilizidiwa na kazi. Peni za alama hiyo si nyingi, na zilizokaa vizuri ni adimu. Kwa sarafu ya namna hii, tofauti ya daraja moja huweza kuzidisha bei mara nyingi. Lakini hata hiyo nilikuwa nimeiosha, na Mzee aliniambia niiandike hivyo katika bahasha yake.

Mzee alifariki. Miaka ikapita, na ile peni ikaanza kurudi katika rangi ya kahawia, hata ikawa lazima kuiinamisha chini ya taa kali ndipo mikwaruzo ionekane. Muhula mmoja mwanangu wa kwanza alipata nafasi katika shule ya bweni, nami nilipungukiwa karibu nusu ya ada. Ndipo akatokea mnunuzi, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Aliishika ile peni, akaisifu, akataja bei. Ndugu msomaji, bei ile ilitosha ada yote, na sare juu yake. Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu. Aliyejua habari ya ndimu na majivu alikuwa kaburini.

Kisha yule mnunuzi akaniuliza, "Wewe unaipa daraja gani, Mwalimu?"

Kama asingeuliza, sijui ningefanya nini. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini aliuliza, nami nikaitoa bahasha nikamsomea: nzuri sana, imeoshwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaipunguza bei chini ya theluthi ya ile ya kwanza. Nikakubali. Fedha iliyosalia niliikopa kwa wenzangu kazini, na kuilipa kulinichukua miezi saba. Mama watoto hakunipongeza. Kwa siku mbili alinijibu kwa neno moja moja, na siku ya tatu akaniuliza ni nani aliyenituma kuosha vitu vya marehemu. Swali hilo sijalipatia jibu hadi leo.

Naomba basi nawe ulitazame kopo la nyumbani kwako, maana wazee wengi waliotumikia jeshi au polisi waliacha vitu kama hivi. Usizisugue sarafu, hata kwa sabuni. Zishike ukingoni, uziweke mbalimbali katika bahasha za karatasi kavu, mbali na mvuke wa jikoni, na juu ya kila bahasha uandike mwaka, daraja na kasoro. Usizidharau pia senti 5 na senti 10 zetu za zamani zenye tundu. Mfalme Edward wa Nane alijiuzulu Desemba 1936 kabla sarafu zenye kichwa chake hazijatolewa kwa wananchi wa Uingereza. Lakini senti zetu za mwaka huo, kwa kuwa hazikuwa na kichwa cha mfalme ila jina tu, zilitoka na jina lake na zikatumika hapa Afrika Mashariki.

Huenda moja imefungwa katika leso ya bibi yako. Ukiikuta, mwachie rangi yake, umwombe bibi akueleze aliipataje, nawe uyaandike maneno yake kama alivyoyasema.