Maua ya Kitulo na ada ya Dada

Nilikuwa nyumbani Mbeya wiki nzima, likizo ya kweli kabisa, ya kulala mpaka saa tatu na kupikiwa. Leo nataka niwasimulie safari tuliyofanya familia nzima kwenda Kitulo kuona maua. Nilidhani nitarudi na picha tu. Nimerudi na jambo jingine, na mpaka sasa sijajua niliweke wapi.

Kwa wasioijua, Kitulo ni uwanda wa juu, upande wa Makete, kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 412.9, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kwa hiyo ukienda kutafuta simba umepotea njia. Kule kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo okidi peke yake ni aina 45. Wenzetu wa nchi za baridi wana sikukuu zao za maua baridi ikiisha. Yetu inaandaliwa na mvua. Inaanza Novemba, inakwenda mpaka Aprili, haina jukwaa wala mgeni rasmi.

Tulikodi Noah. Shemeji akashika usukani, Dada na binti yake wa miaka minane, mimi, na Mama. Mama alikaa mbele kwa sababu ya magoti. Chakula kilikuwa kile kile cha safari zetu zote: mayai ya kuchemsha, viazi, na chupa mbili za chai.

Pale Chimala unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ile barabara watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Mpwa wangu aliapa kwamba atazihesabu zote. Alifika thelathini na moja, kisha akamwambia mama yake asimamishe gari. Mengine sitayasimulia! Chini yetu mashamba ya mpunga yalionekana kama mkeka uliotandikwa, na hewa ikaanza kuwa ya kuvaa sweta.

Nilitegemea Mama ndiye atakayefurahi kuliko sisi wote. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa upande wa Matamba, na Mama amezaliwa huko huko. Lakini tangu tuanze kupanda alikuwa kimya. Nikadhani ni magoti.

Jamani, yale maua hayaelezeki. Unasimama mahali pamoja na kila unapogeuka ni rangi: manjano, zambarau, nyeupe, mengine mekundu yamesimama kama mienge. Hakuna mti wa kuzuia macho, ni majani na maua mpaka kwenye ukungu. Tulikuwa na kijana mwongozaji anayeipenda kazi yake. Alituonyesha mbayuwayu wa buluu, ndege wanaokuja huko kuzaliana wakati wa mvua. Akatueleza pia habari za kipunji, yule nyani mdogo wa misituni ambaye wanasayansi walimtangazia dunia mwaka 2005 wakati wenyeji walikuwa na jina lake siku zote.

Kisha akachuchumaa penye okidi moja.

"Hii hapa chini ina viazi viwili," akasema. "Kuna watu walikuwa wanakuja kuvichimba, wanavipeleka Zambia..."

Hapa lazima niwaambie kitu. Miaka michache iliyopita niliandika makala gazetini kuhusu biashara hiyo. Zambia viazi vya okidi husagwa, vikachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vikapikwa mpaka vikawa kama mkate laini wa kukata vipande. Wanaita chikanda. Okidi zao zilipoanza kuadimika, wafanyabiashara wakavuka mpaka kuja kutafuta kwetu, na viazi kwa mamilioni vikang'olewa Nyanda za Juu Kusini. Makala yangu ilikuwa na hasira. Nilizungumza na maofisa na wataalamu wa mimea. Wachimbaji niliwaita wezi wa maua, watu wanaouza urithi wa wajukuu wao kwa bei ya sukari. Mhariri aliisifu sana sentensi hiyo. Mama aliikata ile makala akaiweka kwenye Biblia yake. Nilijua anajivunia.

Basi yule kijana akauliza kama kuna anayejua viazi viwili ni vya nini. Mama, ambaye hakuwa amesema neno kwa saa nzima, akajibu.

"Kimoja ni kizee, ndicho kinacholisha ua unaloliona. Kingine ni kichanga, ni cha mwakani. Kizee ni laini, hakina kazi, unakitupa. Unachukua kichanga."

Kijana akacheka kwa heshima. "Mama umesoma wapi haya?"

"Hapa," Mama akasema. "Sikusoma. Nilichimba."

Hakuna aliyesema kitu. Shemeji akajifanya anaangalia gari.

Mama akaendelea kwa sauti ile ile ya kawaida, kama anayetaja bei za sokoni. Mwaka 2003 Dada alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama akaaga kwamba anakwenda kumuuguza Bibi. Bibi hakuwa mgonjwa. Walipanda huku wawili, wakachimba wiki tatu kwenye mvua, wakajaza madebe, wakamuuzia mtu aliyekuwa anapeleka mzigo Tunduma. Ada, godoro, sanduku la bati, vyote vilitoka kwenye udongo huu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka Mama akirudi na vidole vyeusi, kucha zimekatika. Nakumbuka tulimuuliza, akasema ni kulima viazi. Hakudanganya sana.

Dada alikuwa analia. Ni mwalimu, amefundisha watoto wa watu wengi kwa ile ada. Mimi sikulia. Nilikuwa naikumbuka ile sentensi yangu ya bei ya sukari, neno kwa neno, na Mama akiikata taratibu kwa mkasi wa kushonea.

Wakati wa kurudi kwenye gari nikamshika mkono kwenye utelezi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungefanyaje? Ungeniandika?" Halafu akasema, "Na hukukosea, mwanangu. Ukichukua kichanga, mwakani hakuna ua. Mimi niliona. Mwaka uliofuata nilipita palepale, palikuwa na majani matupu. Ila hukuuliza tulikuwa tunanunua nini."

Hilo ndilo lililonibana, wadau. Niliuliza okidi ni ngapi, zinauzwa shilingi ngapi, zinapita mpaka gani. Wachimbaji sikuwatafuta hata mmoja. Na mmoja alikuwa jikoni ananipikia. Sisemi kuchimba kulikuwa sawa. Hifadhi ile naiunga mkono leo kama jana, na Mama pia. Lakini neno "mwizi" ni rahisi sana kuliandika ukiwa umeshiba, na mimi nilishiba kwa kitu gani?

Kabla hatujaondoka mpwa wangu aliomba achume ua moja tu, la kuwaonyesha wenzake shuleni. Mwongozaji akafungua mdomo, Mama akamwahi.

"Hapana, mjukuu wangu. Langu nilishachukua mimi. La kwako liache hapo."

Mtoto hakuelewa, akanuna mpaka Chimala. Kona hakuhesabu tena.

Ile makala bado imo kwenye Biblia. Nimemwomba Mama anipe niitoe, amekataa. Anasema imeandikwa vizuri, na siku nyingine nitaandika nyingine. Nimeanza jana usiku. Safari hii mtu wa kwanza kuhojiwa yuko chumba cha pili, anakoroma.