Udugu wa Kazini

Leo nataka kuwaandikieni habari za udugu wa watu wasiozaliwa tumbo moja. Hapa Kifaru, chini ya milima ya Upare, walimu wengi si wenyeji. Serikali huwapangia vituo, na mtu wa Kagera au wa Mara hujikuta akifundisha watoto wa Kipare, hali hana shangazi wala mjomba wa kumgongea mlango usiku.

Mimi nilisomea ualimu chuoni kabla ya kushika ukarani wa parokia, na katika kitabu cha ubatizo naona mambo. Mahali pa kuandika msimamizi, mgeni angetazamiwa kutaja ndugu wa kwao. Mara nyingi humtaja mwenzake wa shuleni. Tangu siku hiyo mwalimu wa hesabu ni baba wa ubatizo, na sare ya mtoto ikichakaa yeye naye huulizwa.

Sikilizeni pia lugha ya shule zetu: kaka mkuu, dada mkuu, mwalimu mlezi. Tumeyachukua majina ya nyumbani tukayapeleka darasani, wala hakuna aliyeshangaa. Hata Mwalimu Nyerere, mwaka 1962, alipoeleza siasa aliyoitaka, aliiita ujamaa, neno litokalo katika jamaa. Nasi Wapare tunao msaragambo wetu: mbiu ikilia, kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe, na madarasa mengi ya huku yamesimama kwa jasho hilo.

Lakini jina peke yake halitoshi. Wako wakubwa wa kazi wasemao "sisi sote ni familia" siku ya kutaka watu wabaki hadi jioni bila malipo, na siku ya msiba hawaonekani. Udugu wa namna hiyo mimi siuamini.

Ninaouamini niliuona miaka michache iliyopita. Mwalimu mmoja kijana, mzaliwa wa Kagera, aliugua ghafula akalazwa Hospitali ya KCMC, Moshi. Kwao ni mbali mno. Basi walimu wenzake wakapanga zamu ya kumwuguza, kama wanavyopanga zamu ya shule. Aliyekuwa na zamu alipanda basi asubuhi kwenda Moshi, na waliobaki wakagawana vipindi vya mgonjwa pamoja na vya mwuguzaji. Mpishi wa shule alipeleka uji katika chupa ya chai. Wazazi nao wakaingia katika shamba lake la mahindi wakalipalilia, maana magugu hayangojei mtu apone.

Siku ya nne kaka yake akafika, amechoka, na mfuko wa senene mkononi. Nesi akamzuia mlangoni: "Wewe ni nani kwake? Kaka yake yumo ndani." Akachungulia, akaona Mchaga mmoja amekaa kando ya kitanda, anasahihisha madaftari. Hakukasirika. Aliingia, akamsalimu mgonjwa, kisha akafungua mfuko, akamkaribisha kwanza yule Mchaga.

Kijana alipona, akarudi kazini. Wala msidhani kwamba sasa wanaishi kama malaika pale shuleni. Juzi nilipita nikawasikia wakigombania ratiba ya vipindi, na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya yule mgonjwa wetu.