Simbilisi Hawafi Bure

Mimi ni kijana Mkongomani, nimetoka Kivu ya Kusini, niko hapa Nakivale, Uganda. Ninajitolea katika kikundi cha vijana, upande wa mifugo midogo na bustani za nyumbani. Leo nataka tuongee juu ya simbilisi, wale wanyama wadogo ambao watu wengi wa Kivu tunawaita kobayi.

Najua kuna wenye kucheka. Mtu amekimbia vita, mgao umepunguzwa, halafu wewe unatuletea habari za simbilisi? Lakini ingia jikoni kwa familia nyingi za Kivu uangalie pale kando ya mafiga. Utasikia "wii wii wii" kabla hujawaona. Watoto wanawapa majina, wanawabeba kifuani, wanalia wakiuzwa. Na wanauzwa kweli, kwa sababu simbilisi ndiye anayelipa daftari, sabuni, chumvi na wakati mwingine dawa ya mdogo wako. Jike anabeba mimba kama siku 68, anazaa watoto wawili, watatu, hata wanne, na wanazaliwa macho wazi na manyoya tayari. Siku chache tu wanaanza kutafuna majani. Hahitaji shamba wala mtaji mkubwa. Kwa mtoto wa miaka 12 au 13 kambini, huyo ndiye mnyama wake wa kufuga na hiyo ndiyo benki yake.

Sasa benki hiyo ikifa yote kwa wiki mbili, ni nini kinatokea? Mimi nimeona. Msimu mmoja wa kiangazi, kijana mmoja wa kwetu alikuwa na simbilisi 11. Wakaanza kuchechemea. Wengine wakajikunyata kona moja, manyoya yamesimama, hawataki kula. Ukimshika tu mguuni analia. Wanne wakafa. Mama yake akasema wamewekewa sumu. Akamtaja jirani wa nyumba ya pili, mtu wa kutoka nchi nyingine, kwa sababu waliwahi kugombana juu ya maji ya bomba. Maneno yakapanda, vijana wa pande zote wakaanza kukusanyika jioni. Wenye kuishi kambini mnajua kitu kama hicho kinaweza kuishia wapi.

Tulimwita daktari wa mifugo anayesaidia kikundi chetu. Hakuuliza juu ya sumu. Aliuliza swali moja: "Wanakula nini tangu mwezi uliopita?" Kijana akajibu: nyasi kavu, pumba ya mahindi na maganda ya mihogo yaliyokauka. Majani mabichi yalikuwa yameisha kila mahali kwa sababu ya jua. Daktari akawashika wale waliobaki, akagusa magoti yao yaliyovimba, akaangalia fizi. Akasema: hii ni kiseyeye. Wanakosa vitamini C.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningependa kila mfugaji ajue. Mbuzi, ng'ombe na kuku wanajitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi. Lazima aipate kwenye chakula, kila siku, kwa sababu mwili wake hauweki akiba ya muda mrefu. Akikaa wiki mbili au tatu bila majani mabichi, viungo vinaanza kuvimba, damu inatoka kwenye fizi na chini ya ngozi, kidonda hakiponi, na ugonjwa mdogo tu unamwondoa. Nyasi zikikauka vitamini karibu yote inapotea. Kwa hiyo unaweza kumjaza tumbo na bado anakufa kwa njaa ya aina nyingine.

Dawa yake si ngumu. Simbilisi anahitaji kama miligramu 10 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mwenye mimba apewe ile ya juu. Wengi wa kwetu hawafiki hata kilo moja. Pera moja lililoiva linaweza kuwa na zaidi ya miligramu 100, kwa hiyo kipande kidogo kwa kila mmoja kinatosha. Lengalenga, yaani dodo kwa watu wa hapa, sukumawiki, kabichi, pilipili hoho, vyote ni vizuri, ila vikiwa vibichi, maana moto unaua vitamini. Ukikosa kabisa, nunua vidonge vya vitamini C duka la dawa. Robo ya kidonge cha miligramu 100, saga, changanya na pumba yenye maji kidogo, mpe mmoja mmoja. Usiweke kwenye maji ya kunywa ukaacha siku nzima. Nguvu inapungua haraka, hasa kwenye mwanga na kwenye chombo cha chuma.

Wale saba waliobaki walipewa mapera na lengalenga asubuhi na jioni. Baada ya siku chache wakaanza kutembea. Mmoja alikufa, sita wakapona. Mama alienda mwenyewe kwa jirani kuomba msamaha. Siwezi kusema wamekuwa marafiki, lakini wanasalimiana, na bombani kuna amani.

Kuna virutubisho vingine ambavyo watu wanampa kwa nia nzuri na vinamharibu. Kuku tunampa maganda ya mayai yaliyosagwa ili apate kalsiamu, sawa kabisa. Simbilisi usimpe. Kalsiamu ikizidi inamletea mawe kwenye kibofu, utaona anakojoa damu huku analia. Kitu anachohitaji kila siku, pamoja na vitamini C, ni nyasi nyingi. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Mwenye kula pumba tupu meno yanarefuka mpaka anashindwa kutafuna.

Sasa tuje kwenye wadudu. Wanaosumbua zaidi ni chawa na utitiri. Chawa unawaona kwa macho ukipanua manyoya nyuma ya masikio: vitu vidogo vyeupe vinatembea. Utitiri wa upele huwaoni, unaona kazi yake. Simbilisi anajikuna mpaka ngozi inatoa magamba, manyoya yanaanguka, na ukali ukizidi anashikwa na degedege kwa sababu ya muwasho. Watu wakiona degedege wanarudi tena kwenye maneno ya uchawi. Hapana bana, ni utitiri.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Usichukue dawa ya unga ya mazao ukampaka. Simbilisi anajilamba, itamuua. Na ile sindano ya ivermektini ya ng'ombe inafanya kazi, lakini tupige hesabu pamoja. Ng'ombe anapigwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Simbilisi wa nusu kilo, kwa kipimo hicho hicho, anahitaji mililita 0.01. Sindano ya kawaida haiwezi kupima hiyo. Tone moja tu tayari limezidi mara kadhaa. Kwa hiyo mwite mtu wa mifugo aipunguze nguvu na kupima mwenyewe. Na dozi moja haitoshi, kwa sababu mayai ya wadudu hayafi. Inarudiwa baada ya wiki moja au mbili, na wanatibiwa wote wanaokaa pamoja, hata asiyejikuna.

Hatari nyingine iko kwenye kabati zetu: amoksilini. Kambini karibu kila nyumba ina vidonge vilivyobaki, na mnyama akiugua watu wanamfungulia kapsuli. Kwa simbilisi dawa ya jamii ya penisilini ni sumu. Inaua bakteria wazuri wa tumboni, wale wabaya wanachukua nafasi, anaharisha na kufa ndani ya siku chache.

Kuna pia vijidudu vya tumboni, koksidia, vinavyowaua watoto wachanga kwa kuharisha. Vinatoka kwenye kinyesi, lakini haviambukizi saa ile ile. Vinahitaji siku kadhaa nje, kwenye unyevu, ndipo viwe tayari. Kwa hiyo ukisafisha banda kila siku unawahi kabla ya hatari. Sisi tunajenga banda lililoinuliwa, sakafu ya fito zilizopishana kidogo, kinyesi kinaanguka chini. Nafasi isiwe kubwa, mguu usije ukanasa. Anayetoka sokoni akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuingia na wengine. Hata kwenye nyumba ya chumba kimoja, boksi moja pembeni linatosha.

Na kile kinyesi usikitupe. Kiozeshe, kisha kitie kwenye bustani ya gunia. Lengalenga likiota, nusu kwa simbilisi, nusu kwa sufuria. Ukimwagia yale maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni, hata kiangazi litashikilia.

Nimesema nusu kwa sufuria kwa sababu. Kuna mnyama mwingine asiyeweza kujitengenezea vitamini C: ni wewe na mimi. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei walikuwa wanatafuta chanzo cha ugonjwa wa beriberi. Wakawalisha simbilisi nafaka tupu, na wakashangaa kuona wamepata kiseyeye kama cha mabaharia wa zamani. Kupitia simbilisi dunia ikaanza kuelewa ugonjwa huo kwa watu. Lakini usifikiri ni habari ya zamani. Mwaka 2017 na 2018, kule Kakuma, Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kuumwa miguu, wengine wakatembea kwa shida. Walipochunguzwa ikaonekana ni kiseyeye. Walipopewa vitamini C wakapata nafuu. Mahindi, maharage makavu, mafuta na chumvi havina vitamini C ya kutosha, iwe kwa simbilisi au kwa kijana wa miaka 18 anayejipikia mwenyewe.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina ombi dogo. Nimesaidia kujaza fomu nyingi za mifugo. Kuna mstari wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kuku. Simbilisi nimewaandika pembeni kwa kalamu. Ongezeni mstari wao. Na mkiingia nyumba mkakuta simbilisi wanachechemea, msiangalie banda tu. Ulizeni watoto wa nyumba hiyo wamekula jani bichi lini.

Kwa vijana wenzangu: leo jioni panua manyoya nyuma ya masikio, gusa magoti, angalia kinyesi. Dakika tano tu. Ukiona kitu usichokielewa, njoo kwenye kikundi kabla hujamshuku jirani.