Jina Nililolificha

Naandika haya kwa ajili yako unayelala na njaa leo, katika mji usio wenu.

Kwa baba mimi ni wa Masasi, kwa mama ni wa Newala. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata mama, kwa hiyo mimi ni wa Newala. Kuimba nilianzia kwaya ya kanisa, Masasi. Mwaka 2014 nikapanda basi la Dar es Salaam na begi moja na daftari la nyimbo.

Mjini Mmakonde alikuwa mtu wa kutaniwa: mlinzi wa geti, mchonga vinyago. Nikaona haya. Nikiulizwa kwetu wapi, nasema Tanga. Siku moja mama ntilie mmoja wa Mbagala alinisikia ninavyotamka, akanisalimu Kimakonde.

"Mwanangu, wewe si wa kwetu?"

"Hapana, mama."

Akanitazama. Akaniongezea maharage, akanyamaza.

Mwaka 2015 ikatoka "Aiyola" ya Harmonize, Rajabu Abdul Kahali, mtoto wa mkoa wetu wa Mtwara. Mwaka 2018 "Kwangwaru", aliyoimba na Diamond, ikawa inapigwa kila kona. Mwenzangu anajiita Konde Boy mchana kweupe. Mimi naimba baa, bado najiita mtu wa Tanga.

Mwaka 2019 sauti ikakatika. Nilishika kipaza sauti. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Watu wakacheka. Baa ikatafuta mwingine. Kodi ikanishinda. Mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Nikalala barazani kwa watu. Siku tatu sikula. Usiku wa tatu nikamwomba Mungu anichukue. Hata hilo nililinong'ona.

Alfajiri akanikuta yule yule mama ntilie. Hakuuliza kitu. Alinipa uji, akanishikia kikombe maana mikono ilitetemeka. Kisha akasema, "Nipe namba ya mjomba wako."

Hakusema baba. Alijua. Nikalia.

Mjomba alifika baada ya siku mbili, kwa pesa ya korosho aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya bati la nyumba yake. Hakunigombeza. Tukapita Lindi, Ndanda, Masasi, tukapandisha hadi Newala. Daktari akasema nyuzi za sauti zimevimba, ninyamaze kabisa kwa miezi.

Nikakaa miguuni kwa bibi. Usoni ana nembo, na juu ya mdomo tundu la ndonya aliyoivaa usichanani. Yeye anaswali, mama anasali, wote wananiombea. Na kwa kuwa siwezi kujibu, bibi akaongea. Akanitajia mama yake, na mama wa mama yake, mpaka yule aliyevuka Mto Ruvuma kuja huku. Majina yale nilikuwa sijawahi kuyauliza.

Redio ikasema Harmonize ameanzisha lebo yake, Konde Music Worldwide. Jina nililolificha miaka mitano, yeye kalibandika mlangoni.

Sauti ilirudi taratibu, yenye mikwaruzo. Wimbo wangu wa kwanza niliuimba kwa Kimakonde, arusini, Newala. Ndani yake nimewataja wale akina mama mmoja mmoja. Bibi alipiga kigelegele kabla sijamaliza.

Hofu haijaisha. Koo likiwasha tu, viganja vinalowa jasho, naona lile baraza. Nakunywa maji ya uvuguvugu, naomba, nasubiri.

Ndugu yangu, nilikaa njaa siku tatu karibu na sufuria la mtu wa kwetu, kwa sababu nilishamwambia hapana. Akikusalimu mtu kwa lugha ya nyumbani kwenu, mwitikie.