Kitabu Kipya Si Tiketi ya Kukaa Mezani

Wasee, kila Dungeons & Dragons wakitoa kitabu kipya cha nyongeza, grupu yetu hulipuka. Nani ameona kile kipaji kipya? Nani anakiweka kwa mhusika wake wikendi hii? Mimi pia napenda hizo stori. Lakini kuna kitu huwa hatusemi: vipaji vipya vinauzwa, na si kila mtu mezani ana doo.

Kama wewe ni mgeni, kipaji ni uwezo wa ziada unaompa mhusika wako. Kwa sheria za 2014 vilikuwa vya hiari. Ukifika kiwango cha 4 unachagua: uongeze alama za nguvu au akili, ama uchukue kipaji. Great Weapon Master ilikuruhusu kutoa 5 kwenye dadu ya kulenga, halafu ukipata, unaongeza 10 kwenye madhara. Kumi, buda! Nguvu za kawaida za shujaa wa kiwango hicho zinamwongezea 3 au 4 hivi.

Sasa piga hesabu. Kitabu cha wachezaji cha 2014 kilikuwa na vipaji 42. Sheria za bure, zile zilizowekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka wa 2023, zilikuwa na kimoja tu: Grappler, cha kukabana na adui. Kitabu chenyewe kilikuwa karibu dola 50 huko Marekani, kabla hujalipia usafiri.

Kwa meza yetu kitabu kilikuwa kimoja, na mwenyewe alitumiwa na dadake aliye majuu. Beshte yangu mwingine alijenga shujaa wake kwa simu, na ile PDF ya bure. Wote wawili walibeba panga kubwa. Mmoja akawa anaangusha majitu, mwingine anangoja zamu yake amalizie panya. Baada ya wiki chache akaanza kusema ako bize. Hakuwa bize. Na hakuna sheria hata moja ilikuwa imevunjwa.

Tukakubaliana hivi: kitabu kikiingia mezani, ni cha meza. Kinapitishwa kama sahani ya chipo, kila mtu anasoma, kila mtu ana ruhusa ya kuchagua. DM anasoma wa kwanza, na kipaji ambacho hakijapita mikononi mwa wote kinangoja. Beshte yangu alirudi na akachukua Sentinel: adui akijaribu kumponyoka na akampiga, jamaa anagandia hapo hapo. Ghafla vita vyetu vyote vikaanza kupangwa kumzunguka yeye.

Kuna msee atasema, "Lakini nimenunua na pesa yangu." Sawa, kitabu ni chako. Mchezo ni wetu. Ukitaka kushinda peke yako, kuna michezo mingi ya simu ya kukulia pesa.

Najua sheria za 2024 zimesaidia. Kila mhusika anapata kipaji cha mwanzo tangu kiwango cha 1, na Great Weapon Master haikupi tena ile 10. Sasa unaongeza bonasi ya ujuzi wako, ambayo haizidi 6. Sheria za bure za 2025 nazo zimefungua vipaji 4 kati ya vile 10 vya mwanzo vilivyo kwenye kitabu. Hiyo ni poa sana. Lakini vitabu vya nyongeza havitaisha, na kila kimoja kitakuja na kitu kitamu cha kukutoa pesa. Ni biashara, simlaumu anayeuza.

Kampuni haijui nani kwenu hana doo. Nyinyi mnajua. So kabla muulize kipaji kipya kinafanya nini, ulizeni kwanza nani mezani hawezi kukipata.