Mti Usiopandwa na Mtu

Masika ya mwaka tuliohamia Mtwapa, ua wa nyumba yetu ulikuwa mchanga mtupu. Mvua ilipokatika, kando ya ukuta wa nyuma palikuwa na miche mitatu ambayo hapana mtu aliyeipanda. Nilishika jembe niing'oe yote, maana nilitaka asumini na mrehani. Mavyaa wangu, aliyekuwa ameketi barazani na tasbihi yake, akaniuliza, "Je, umeitambua, mwanangu, hata utake kuiua?"

Niliona haya. Sikuitambua hata mmoja.

Macho yake wakati huo yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini ndiye aliyenifundisha kutazama. Alisema majani mawili ya kwanza ya mche hayana ushahidi, kwa kuwa mara nyingi hayafanani na majani ya mti wenyewe. Ngoja yatoke manne au matano ya baadaye. Kisha tazama jani limekaaje juu ya kikonyo, ukingo wake una meno au hauna, na upande wa chini una rangi gani. Lifikiche ulinuse, lakini usilionje, na ukimaliza unawe mikono.

Mche wa kwanza ulijitaja wenyewe baada ya majuma machache: vijani vyembamba vyenye meno kama ya msumeno, vimepangana huku na huku juu ya kikonyo kimoja. Mwarobaini. Ndege na popo hula matunda yake na kuangusha kokwa popote, ndiyo sababu huota bila kupandwa. Wa pili ulikuwa na jani pana lililogawanyika mfano wa kiganja, na shina lenye wekundu. Huo ulikuwa mbarika. Mafuta yake yana sifa, lakini mbegu zake, zenye madoadoa ya kuvutia macho ya mtoto, zina sumu inayoweza kuua. Tuliung'oa siku ile ile pamoja na mizizi yake.

Wa tatu ulinishinda. Shina lake lilipindapinda, kila kifundo kikigeukia upande wake, na lilikuwa na miiba. Siku ulipomchoma mguu kitindamimba wangu, nilichukua panga. Mavyaa akaomba aletewe jani kwanza. Akalipapasa juu, likawa laini. Akaligeuza, upande wa chini una vinyweleo kama kitambaa. Akafuata kwa ncha ya kidole mishipa mitatu iliyoanzia kwenye kikonyo. Kisha akauliza miiba imekaaje. Nikamjibu: miwili miwili, mmoja umenyooka na mwenziwe umepinda kama ndoana.

"Huu ni mkunazi," akasema. "Ni ndege, au yupo aliyekula kunazi hapa akatema kokwa. Upogoe, usiukate. Iko siku mtauhitaji."

Mwanamke aliyewahi kuosha maiti anaijua kazi ya majani hayo. Ummu Atiyya (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake watumie maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Yakipondwa na kuvurugwa majini hutoa povu na kusafisha kama sabuni.

Mti ukapita ukuta. Watoto wa mtaa wakaokota kunazi, na majirani wakajua pa kubisha hodi usiku wa msiba. Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, nilitoka alfajiri kuyachuma majani kwa ajili ya mavyaa mwenyewe. Ule mwiba uliopinda ulinishika mkono, nikasimama pale kwa muda, nikiukumbuka ule panga.

Tumefundishwa kwamba Mwislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, mnyama au ndege ni sadaka kwake. Mavyaa hakuupanda mkunazi huu. Aliutambua tu, akautetea. Hesabu ya thawabu ni ya Mola, nami namwomba asimpunguzie.

Mvua zimenyesha tena, na kando ya ukuta mna miche mipya. Safari hii nimeliacha jembe ndani. Binti yangu anangoja jani la tano.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, na wazee wetu wote waliotangulia. Amin.