Kaswida: Tusikilize Maneno Kabla ya Kinanda

  

Kila unapokaribia Mfunguo Sita, mji wetu wa Bariadi huingiwa na kaswida mpya. Zamani zilikuja kwa kanda, kisha kwa sidii. Leo zinakuja kwa flashi na kwa simu, na wiki haijaisha, kijana wa bodaboda, muuza vocha na mama anayechambua mchele uani wote wamekwisha kuzizoea. Pamoja na albamu hizo huja vikundi vyenyewe, vingine kutoka Mwanza, vingine kutoka Pwani, vikitafuta mialiko ya Maulidi, ya khitma za madrasa na ya harusi. Sisi ni wapenzi wa kaswida tangu tukiwa wanafunzi wa juzuu Amma, na kwa dhamana ya ukatibu wa kamati ya msikiti ndio tunaoandika barua za mialiko na kuhesabu nauli za wageni. Albamu nyingi tumezisikiliza na mbele ya majukwaa mengi tumekaa. Leo tunapenda kusema tunavyoziona, kwa kuwa jambo hili limeingia majumbani mwetu na linagusa malezi.

Hatukusudii kuirudia hapa khitilafu ya wanazuoni kuhusu ala za muziki. Chuoni tulisomeshwa kwamba wengi wao wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza kwa kutegemea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Kwamba Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, hakuona kuwa katazo hilo limethibiti. Na kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameitengea mada ya usikilizaji kitabu kizima ndani ya Ihyaa yake. Kila msikiti una masheikh wake wa kuwauliza.

Ipo hata hivyo hadithi moja, nayo pia imo katika Bukhari, ambayo sisi tumeifanya kuwa mizani yetu. Bibi Rubayyi' binti Mu'awwidh, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia kwamba Mtume (SAW) alimtembelea asubuhi iliyofuata harusi yake, na wasichana wadogo walikuwa wakipiga dufu na kuimba kuwasifu wazee wao waliouawa Badri. Mmoja wao akatia maneno ya kwamba miongoni mwao yumo Nabii anayejua yatakayotokea kesho. Mtume akamwambia aliache neno hilo, na aendelee na yale aliyokuwa akiyasema mwanzo.

Tulitafakari kisa hiki. Mtume hakumnyang'anya binti yule dufu lake, wala hakuwanyamazisha wenzake. Alikuwa ameketi anasikiliza, na alichokisikiliza ni maneno; neno moja lilipovuka mpaka, alilisahihisha papo hapo. Je, sisi tunaokaa chini ya turubai na spika mbili kubwa kama kabati, tunayasikia maneno ya kaswida kiasi cha kuweza kuyasahihisha?

Kwa mizani hiyo, albamu za miaka hii zina mazuri yake, nasi tusizinyime haki. Matamshi ya Kiarabu yametengenea, kwa kuwa waimbaji wengi wa sasa wamepita madrasa za hifdhi na wanazijua makharija za herufi. Mada nazo zimepanuka: zipo kaswida za haki za wazazi, za mirathi ya mjane, za kijana anayeahirisha ndoa kwa kukosa gharama za sherehe. Zinazotupendeza kuliko zote ni zile zinazoanza kwa sauti moja tupu, wenzake wakaitikia, na dufu likaingia baadaye kwa adabu, kama mgeni aliyebisha hodi.

Kasoro zake nazo tunazisema. Kwanza, kinanda cha umeme kimepewa uimamu, na maneno yamekuwa maamuma. Pili, mashine za studio zinazonyoosha sauti zimewafanya waimbaji wote wafanane, hata mtu hajui anayeimba ni yupi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, lahani nyingi zimeazimwa kutoka katika taarabu za harusini na katika singeli. Lahani ina kumbukumbu. Kijana anayeisikia huyakumbuka kwanza maneno yaliyotangulia, na maneno hayo si ya kuwekwa karibu na jina la Mtume.

Wasanii wa Kiislamu wa nchi za mbali wamewahi kuitafutia njia khitilafu hii. Maher Zain, Mswidi mwenye asili ya Lebanon, alipotoa albamu yake ya Thank You Allah mwaka 2009, ilipatikana pia katika toleo la sauti na ngoma bila ala nyingine. Familia inayoruhusu kinanda ikachukua lake, na isiyoruhusu ikachukua lake. Tungefurahi kuona studio zetu zikifanya hivyo. Gharama yake si kubwa, na baba hatalazimika kuchagua kati ya msimamo wake na furaha ya wanawe.

Wala hatusemi kwamba kurekodi ndiko kulikoleta uharibifu. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, na sahani za santuri zikaifikisha sauti yake mahali ambapo miguu yake haikufika. Lakini Siti alikwenda studio akiwa na sauti iliyokwisha kukomaa, iliyolelewa katika baraza za Unguja zisizo na kipaza sauti. Studio iliihifadhi sauti ambayo tayari ilikuwapo. Leo tunasikia sauti zilizozaliwa studio, na zikitolewa nje ya mlango wake hazijiwezi.

Hili tulilishuhudia wenyewe. Mwaka mmoja tulialika kikundi ambacho hatutakitaja. Malipo yake yalikula zaidi ya nusu ya michango ya Maulidi. Wakapanda jukwaani kwa kanzu za rangi moja, vipaza sauti mkononi, sauti ikajaa uwanja mzima. Kisha, katikati ya kaswida ya pili, sauti hiyo ikawasalimu kwa mapenzi makubwa wakazi wa mji mwingine kabisa, na midomo ya waimbaji wetu ikaifuata salamu ile neno kwa neno. Bibi mmoja aliyekaa upande wa akina mama akamuuliza jirani yake, "Hawa wanamsalimu nani?" Kumbe usiku wote tulikuwa tukisikiliza flashi, na wale vijana walikuwa wakiisindikiza kwa midomo. Tulilipa kama tulivyoandikiana, kwa sababu Muislamu hutimiza ahadi yake.

Siku chache baadaye mzazi mmoja alitufuata msikitini baada ya swala ya alasiri. Hakuja kulalamikia kikundi. Alisema, "Ustadhi, mwanangu huu ni mwaka wa tatu yuko madrasa. Nimetoa mchango, nimepika pilau, nimekaa mpaka saa sita usiku. Sauti yake sijaisikia." Tulikosa jibu la kumpa.

Maneno hayo tuliyapeleka kwenye kikao cha kamati, na mjadala ulikuwa mkali. Mzee wetu mmoja, mtu wa busara, alitukumbusha tunaishi wapi. Sisi Waislamu wa Simiyu si wengi. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, na Mfunguo Sita wa miaka hii unaangukia baada ya mauzo ya pamba, wakati watu wana fedha na wanataka pa kwenda. Usukumani watu wanajua kuipima ngoma. Vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi na vizazi, pande mbili zikicheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji hutoa hukumu kwa miguu yao. Ushirikina unaoandamana na mashindano hayo tunaukataa, lakini hoja ya mzee ilikuwa na uzito. Bila kikundi chenye jina, alisema, vijana wetu wenyewe watahamia kwenye turubai la jirani.

Imamu wetu alimjibu kwa kisa cha Lamu. Habib Saleh alipoanza kuyasoma pale Maulidi ya Habshi kwa kupiga matari, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wapo wakubwa wa mji waliochukizwa. Lakini Habib hakualika watumbuizaji. Aliwafundisha watu, wakiwemo wanyonge ambao hawakuwa wakihesabiwa, nao wakasoma na kuimba wenyewe. Maulidi ya Lamu yakawa ya kusafiriwa kutoka mbali, na hadi leo yapo. "Waliokuja kutazama walirudi makwao," alisema Imamu. "Waliofundishwa ndio waliobaki na Maulidi."

Kamati ikaamua. Fedha za kikundi zilinunua dufu nane na kumlipa ustadhi wa kuwafundisha watoto kwa miezi minne, jioni mbili kwa wiki. Suala la wasichana waliobaleghe lilijadiliwa kwa upole: wao waliandaliwa usiku wao, mbele ya akina mama peke yao, na baba ambaye hakuridhia hata hilo hakushurutishwa.

Katika mazoezi hayo tulijifunza jambo ambalo hatukulitarajia. Ustadhi aliwaketisha wavulana kwa safu, wakiyumba pamoja kwa utaratibu, kwa namna inayokaribiana na maulidi ya homu ya Unguja ambayo wasomaji wake hupiga magoti na kuinama kwa pamoja. Alidhani ingemchukua wiki kadhaa. Watoto walilishika siku ileile. Wasukuma wana wigashe, ngoma ya kuimba watu wakiwa wameketi, na watoto wale walikuwa wameiona kwa babu zao. Miili yao ilijua tayari. Kilichokuwa kigeni ni maneno tu.

Na maneno nayo yakapatiwa njia. Kijana mmoja wa darasa la juu aliomba ruhusa ya kutunga kaswida kwa Kisukuma. Baadhi yetu tulisita, tukidhani heshima ya kaswida imo katika Kiarabu na Kiswahili chake. Imamu akataka kwanza atafsiriwe kila ubeti. Akasikiliza mpaka mwisho, akabadilisha neno moja lililokuwa limepitiliza katika sifa, akaruhusu. Tukaona kisa cha Rubayyi' kikitendeka mbele ya macho yetu.

Usiku wa Maulidi ulipofika, haukuwa usiku wa kujivunia kwa hesabu. Watu walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia. Vijana kadhaa walikwenda kwingine kama mzee alivyotuonya, na sanduku la michango lilikuwa jepesi hata tukabaki na deni la turubai. Watoto walianza kwa sauti ya juu mno, wakaishiwa pumzi. Mmoja alisahau ubeti, akasimama kimya, wenzake wakamwokoa kwa kiitikio. Lakini ilipofika kaswida ya Kisukuma, wazee waliosilimu ukubwani, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiitikia amina kwa yale wasiyoyafahamu, walianza kuitikia maneno yenyewe. Mmoja wao alituuliza kesho yake iwapo ni kweli Mtume alizaliwa yatima. Aliishi na dini hii miaka mingi, na jambo hilo ndipo lilipomfikia, kwa sauti ya mjukuu wake.

Basi tunazipokeaje albamu mpya za mwaka huu? Wazazi wenzetu, msizifungie mlango zote, wala msizifungulie zote. Kaeni na watoto, sikilizeni kaswida moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha zimeni spika na muwaombe waiimbe. Wakibaki na mdundo tu, mmenunua mdundo. Wakibaki na maneno, yapimeni: yapo yasiyofaa katika itikadi? Yapo yanayomsifu mfadhili kuliko anavyosifiwa Mtume? Nanyi wenzetu wa kamati za misikiti, mnapoalika kikundi, andikeni katika barua kwamba mnataka sauti iliyo hai, na watoto wa madrasa yenu wapewe nafasi kabla ya wageni, wakati watu bado hawajachoka. Vikundi vyenye uwezo havitaogopa sharti hilo. Vipo, tumevisikia, na tutaendelea kuvialika pale fedha zitakaporuhusu.

Deni la turubai tumekwisha kulilipa. Dufu zote nane zimo stoo ya msikiti, moja imepasuka ngozi na inasubiri fundi. Mazoezi ya mwaka huu yameanza, na walioandikishwa ni wengi kuliko dufu.

Tunamuomba Allah azitakase ndimi za watoto wetu na ayafanye masikio yetu kuwa ya wenye kusikiliza wakafuata lililo bora. Wabillahi tawfiq.